Mnunuzi wa IST Hajakosea Hesabu

Likiulizwa swali la gari dogo la kuanzia maisha hapa Dar es Salaam, majibu huja kwa makundi mawili. Kundi la kwanza halina maneno mengi: chukua Toyota IST, Vitz au Passo, utakuja kunishukuru. Kundi la pili siku hizi lina sauti kubwa zaidi na, tuseme ukweli, linayajua magari vizuri zaidi. Hilo linacheka. Linauliza inakuwaje mtu mwenye akili timamu atoe mamilioni kwa IST ya 2004, ilhali fedha hiyo hiyo, au pungufu, inampatia Mazda Demio, Honda Fit au Suzuki Swift iliyo changa kwa miaka kadhaa. Kwao mnunuzi wa IST ni mfuata mkumbo: kanunua kwa sababu shemeji yake kanunua.

Nakusudia kumtetea huyo anayechekwa. Lakini wanaomcheka nao wasikilizwe kwanza, kwa kuwa hoja zao ni nzito.

IST ya toleo la kwanza ilitengenezwa kati ya 2002 na 2007, kwa hiyo hata ile ya mwisho kutoka kiwandani imeshazeeka. Serikali nayo inautoza umri huo. Gari lililozidi miaka kumi linatozwa asilimia 30 ya uchakavu, na hiyo ni juu ya ushuru wa forodha wa asilimia 25, ushuru wa bidhaa wa asilimia 5 kwa injini inayozidi cc 1,000 hadi 2,000, na VAT ya asilimia 18. Lenye miaka minane hadi kumi linatozwa uchakavu wa asilimia 15 tu. Mnunuzi wa gari kuukuu analipa faini ya ukuukuu.

Kuna usalama pia, na hapa wachekaji wananibana kwelikweli. Japani ilianza kulazimisha mfumo wa kompyuta unaozuia gari lisiserereke katika miundo mipya ya mwaka 2012, kisha kufikia 2014 ikaibana na miundo iliyokuwa ikiendelea kutengenezwa. Demio ya 2015 inao. IST ya 2004 haikulazimishwa kuwa nao. Halafu lipo suala la eabegi za Takata, ambalo mitaani kwetu halizungumzwi inavyostahili. Kampuni hiyo ya Japani ilitumia aina ya baruti ambayo joto na unyevu huiharibu taratibu. Baada ya miaka mingi eabegi ikifyatuka, kopo la chuma linaweza kupasuka na kumrushia dereva vipande vya bati. Dunia nzima takriban makopo milioni 100 yaliitwa yarudishwe. Joto na unyevu ndiyo hali ya hewa ya Dar, Tanga na Mombasa mwaka mzima, na magari ya enzi ile ndiyo tunayoyaendesha. Ugonjwa huu haukuchagua jina, maana Toyota, Honda, Nissan na Mazda zote zilitumia vifaa vya Takata. Ila kadiri gari lilivyo kuukuu ndivyo hatari inavyoongezeka. Unayenunua, andika namba ya chasisi kwenye tovuti ya mtengenezaji huko Japani uone kama liliitwa na kama lilirekebishwa. Ni kazi ya dakika chache na haina malipo.

Wizi nao ni kweli. Gari linalopendwa na wengi linapendwa na wezi pia. Saiti mira, taa na kontroli boksi za Toyota ndogo zina soko la haraka, ndiyo maana unaona namba za gari zimechorwa kwenye vioo na taa mji mzima. Mwenye Fit analala usingizi mzuri kidogo.

Basi kwa nini bado nasimama na mwenye IST?

Tuanze chini ya boneti. IST ya cc 1,300 ina injini iitwayo 2NZ, ya cc 1,500 ina 1NZ, na hizo ni ndugu wa tumbo moja. Sasa hesabu ndugu wengine: Vitz, Platz, Raum, Funcargo, Probox, Succeed, Fielder, Corolla, Porte, Sienta, Allion na Premio za cc 1,500. Aliyenunua IST amenunua injini ambayo fundi wa Mbagala, wa Kahama na wa Tunduma ameshaifungua mara nyingi kiasi kwamba anajua kwa sauti tu kama ni koili au ni plagi. Cheni yake ya ndani haina ratiba ya kubadilishwa kama mkanda wa Starlet ya zamani. Giaboksi yake ni otomatiki ya kawaida ya gia nne, isiyo na mambo mengi. Pampu ya maji, bushi, shokapu na boljointi unavikuta Gerezani na Ilala kwa madaraja matatu ya bei: mpya halisi, mpya ya kuiga, na mtumba ulioshushwa kutoka Japani au Dubai. Unachagua kulingana na mfuko wa wiki hiyo.

Hilo la kuchagua ni kubwa kuliko linavyosikika. Wapenzi wa magari mengine husema, "Spea zipo, unaagiza tu." Ni kweli zipo. Lakini kuagiza maana yake ni kusubiri, na kusubiri maana yake ni nauli ya bodaboda na daladala asubuhi na jioni, mtoto wa shule kutafutiwa usafiri, mzigo wa dukani kukodiwa kirikuu. Gari likilala gereji wiki mbili kwa sababu ya kifaa kidogo, mwenye mshahara wa kawaida anaumia kuliko kama kifaa hicho kingekuwa ghali lakini kipo leo.

Chukua Honda Fit ya toleo la kwanza. Injini yake ya cc 1,300 ina plagi nane, mbili kwa kila silinda. Ni ubunifu mzuri na unabana mafuta vizuri. Fundi asiyeijua anaweza kubadilisha nne anazoziona mbele, akaziacha nne za nyuma, akapokea hela yake na kuaga. Giaboksi yake ni CVT, yaani otomatiki isiyo na gia za hatua, inayotaka oili ya Honda yenyewe. Ukiwekewa oili ya kawaida ya otomatiki umeanza safari ya kutafuta giaboksi nyingine. Hapo Honda haina kosa lolote. Kosa linafanyika chini ya mwembe, na bili analetewa mwenye gari.

Wengi hupima gari dogo kwa swali moja tu: linakula mafuta vipi? Tupige hesabu. Tuseme unaendesha kilomita 30 kwa siku, siku 26 za mwezi, jumla kilomita 780. Gari la kwanza linakupa kilomita 15 kwa lita, la pili 12. La kwanza limekunywa lita 52, la pili lita 65. Tofauti ni lita 13. Weka shilingi 3,000 kwa lita, kwa urahisi wa hesabu, maana bei yenyewe EWURA, mdhibiti wa nishati na maji, huibadilisha Jumatano ya kwanza ya kila mwezi. Umepata shilingi 39,000. Si fedha ya kutupa, lakini kwa mwaka mzima ni 468,000, na giaboksi moja iliyoharibiwa kwa oili isiyo yake inaweza kuimeza yote na kudai zaidi. Watu wanaobishana usiku kucha juu ya kilomita mbili au tatu za lita moja wanabishania sehemu ndogo ya gharama, kwa sababu ndiyo sehemu inayoonekana kwenye pampu.

Sehemu kubwa haionekani mpaka siku ya kuuza. Tuseme IST imekugharimu milioni mbili zaidi ya Fit ya mwaka uleule. Wachekaji huziita hizo milioni mbili hasara. Mimi naziita akiba iliyoegeshwa. IST yenye namba C, yaani iliyosajiliwa zamani, iliyochoka rangi, ukiitangaza Ijumaa kwa bei ya soko simu zitaita hadi Jumapili, na dalali atakupigia hata kabla hujaamua. Ugonjwa umekuja ghafla, ada ya chuo inadaiwa, kiwanja kimepatikana kwa bei ya dharura: gari linageuka fedha. Mwenye gari lisilo na wanunuzi wengi naye atauza, ila kwa bei ya mnunuzi na kwa muda wa mnunuzi. Kwa mtu ambaye gari ndiyo mali yake kubwa ya kuhamishika, uwezo wa kuliuza ndani ya wiki moja ni sehemu ya thamani ya gari kama injini ilivyo.

Tazama pia wanaochagua kwa kalamu ya kila siku. Tangu Uber ilipoingia Dar mwaka 2016 na wenzake wakafuata, madereva wa teksi za mtandao wamejaa kwenye IST, Vitz na Passo. Dereva wa hesabu, anayedaiwa fedha ya tajiri kila wiki, hana nafasi ya kufuata mkumbo, kwa kuwa siku gari limesimama na yeye hajala. (Ndiyo sababu hiyo hiyo ya kuwa makini unaponunua la mkononi: linaweza kuwa ndilo lililobeba abiria mchana na usiku.)

Lakini utetezi wangu una mpaka, na mashabiki wa Toyota hawaupendi. Kinachomlinda mnunuzi ni wingi wa mikono inayolijua gari lake na urahisi wa mashine yenyewe. Nembo haimlindi. Ukipanda kwenye Vitz ya baada ya 2010, karibu zote za otomatiki ni CVT. IST ya toleo la pili, ile ya cc 1,500 ya kuvuta tairi za mbele, nayo ni CVT. Fundi yuleyule aliyeharibu Fit ana uwezo uleule wa kuharibu hizi. Anayelipa bei ya juu kwa Vitz ya 2014 akidhani ananunua amani ya ile ya 2003 amelipia jina, na hapo wachekaji wana haki ya kucheka.

Nairobi inalionesha hili vizuri zaidi. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane. Mwaka 2025 mwisho ulikuwa gari la 2018. IST yangu ya 2004 haimo kwenye orodha kwa anayeagiza. Na kule Demio ni gari la kila mtaa, spea zake zimejaa Kirinyaga Road, mafundi wameizoea miaka mingi. Halafu angalia giaboksi: Demio ya muundo ulioanza 2014, iliyo ya otomatiki, inatumia gia sita za kawaida, wakati Vitz ya umri huo ni CVT. Ukitumia kipimo kilekile nilichomtetea nacho mwenye IST wa Dar, yaani mikono mingi na mashine isiyo na makuu, mnunuzi wa Nairobi ana sababu nzuri ya kuipita Vitz na kuchukua Demio. Ila achukue ya petroli. Ile ya dizeli ya cc 1,500 ina chujio la masizi linalotaka safari ndefu ili lijisafishe, na foleni ya Mombasa Road asubuhi haitalipatia chujio nafasi hiyo.