Msamiati wa misimu kwa watoto wenye matatizo ya lugha: kalenda ipange somo?

Mvua zikianza, kadi za picha za mwavuli, mawingu na mabuti ya mpira hutolewa kabatini. Jua likishika, zinarudishwa na zamu inakuwa ya kofia na miwani. Walimu wa madarasa ya awali wamezoea hivyo, na wataalamu wengi wa tiba ya usemi na lugha wamefuata mkondo huohuo. Kwa mtoto anayeokota maneno bila taabu, hakuna neno. Mjadala unaanza kwa mtoto mwenye tatizo la ukuaji wa lugha, yaani yule ambaye lugha inamwia ngumu ingawa masikio yake ni mazima na hakuna ugonjwa unaojulikana wa kueleza hali hiyo. Watoto hawa wanakadiriwa kuwa takriban asilimia 7 ya watoto wote, kwa hiyo katika darasa kubwa hawakosekani wawili watatu.

Wanaoutetea utaratibu huu wa kufundisha maneno kwa kufuata msimu hawatetei mazoea matupu. Msimu hauhitaji kufafanuliwa kwa maneno matupu: mtoto anauona, unamlowesha, unamtoa jasho. Maneno ya msimu huja kwa makundi yanayoshikana, wingu na mvua, tope na kuteleza, na neno lenye jamaa zake hukumbukwa kwa urahisi kuliko lililo peke yake. Isitoshe, ndiyo mazungumzo ya wenzake wakati huo, na asiyeyajua hubaki pembeni. Binafsi hoja inayonigusa zaidi ni ya mzazi. Kipindi cha tiba ni kifupi, siku nzima inapita nyumbani, na mzazi hahitaji kifaa chochote ili aseme “tazama, mawingu yametanda”.

Wanaoupinga wanaanza na hesabu. Mwaka 2017 Holly Storkel na wenzake walichapisha utafiti uliofanywa kwa watoto wa chekechea wenye tatizo la lugha. Waliwasomea vitabu huku wakiwarudishia maneno mapya mara 12, 24, 36 au 48. Kiwango kilichoonekana kufaa kilikuwa mara 36, na hata hapo si wote waliofaidika sawasawa. Sasa chukua orodha ya kawaida ya msimu yenye maneno 15: mara 36 kila moja ni mara 540. Mwalimu gani ana nafasi hiyo ndani ya wiki tatu? Anachoweza ni kuyagusagusa yote, kisha mada inafungwa na maneno hayasikiki tena kwa miezi. Laurence Leonard na wenzake nao wameonyesha kwamba watoto hawa hushika neno vizuri zaidi wakitakiwa kulikumbuka na kulitamka wenyewe, mara kwa mara na kwa kuachia muda katikati, kuliko wakilisikia tu. Kalenda hufanya kinyume: hurundika leo, hutelekeza kesho.

Hata hivyo, kasoro kubwa naiona kwenye aina ya maneno yanayochaguliwa. Karibu yote ni majina ya vitu, kwa sababu ndiyo yanayochoreka. Mwonyeshe mtoto picha ya mwavuli, atajibu “mwavuli” na kupigiwa makofi. Muulize kwa nini mtoto wa pichani amelowa, anakutazama. Kilichompungukia hapo ni “lowa”, “jikinga”, “kwa sababu”. Vitenzi na viunganishi ndivyo vinavyowasumbua wengi wao, na ndivyo vinavyobeba sentensi.

Bakuli la maji na kitambaa vinatosha kwa somo zima. Kitambaa kimelowa. Nani amekilowesha? Tukikamue, tukianike. Kimekauka, au bado? Mtoto anasikia kitenzi kikibadilika mkononi mwake, kauka na kausha, na maneno hayo atayahitaji mwaka mzima, kila nguo inapofuliwa na kila maji yanapomwagika. Kwa hiyo naegemea hapa: msimu uchague mandhari, usichague maneno. Majina mawili matatu ya msimu yanatosha, mengine yawe ya kudumu.

Mwanafunzi mkubwa ni habari nyingine. Mvuke, unyevu na ukame atakutana nayo kwenye mtihani, na kumnyima kwa kisingizio kwamba ni magumu ni kumwongezea pengo. Kadi za kununua nazo zitazamwe kabla ya kutumika. Theluji kwa mtoto asiyewahi kuiona ni neno bila kitu nyuma yake.

Kisha kuna upimaji, ambao pande zote mbili huupitia haraka mno. Ripoti ikisema mtoto ametaja maneno 12 kati ya 15 siku mada ilipofungwa, imepima kumbukumbu ya wiki ile na picha zilezile. Apimwe tena miezi miwili baadaye kwa picha asiyoizoea, na aulizwe kinachotokea badala ya “hiki ni nini?” Huenda idadi ikashuka, na mzazi asishangilie sana, lakini mtaalamu ataona ni maneno gani ya kuanza nayo wiki inayofuata.