Tutenganishe kwanza minyoo yenyewe

Makala ninayoijibu hapa inaeleza kwamba minyoo imekutwa katika matumbo ya sungura wa porini nchini Uingereza, kisha inarukia hofu ya mlaji kabla ya kutenganisha aina za vimelea hao. Passalurus ambiguus, mnyoo mweupe mwembamba kama uzi anayeishi katika utumbo mpana, ni wa jamii ya sungura na hamsumbui binadamu. Naye Trichostrongylus retortaeformis wa utumbo mwembamba humwingia sungura anapokula majani yenye lava, yaani minyoo wachanga, ndiyo maana wanaolisha pamoja huambukizana kwa wepesi.

Mimi mwenyewe, nikimchuna sungura huko Yorkshire, nilikuta vifuko angavu vya majimaji, kila kimoja kama punje ya njegere, vimening'inia kwenye utando wa tumbo mithili ya kichala. Hivyo havimo ndani ya utumbo hata kidogo: ni hatua changa ya Taenia pisiformis, tegu anayekomaa katika utumbo wa mbwa na mbweha. Nyama ikiiva vizuri haina neno. Kosa ni kumrushia mbwa matumbo mabichi, jambo ambalo makala haikuligusa, ingawa wawindaji wengi, nami nikiwemo, tumelifanya kwa miaka.