Super Mario Bros. 2 ya Marekani ni Mario feki? Hebu tuianze mwanzo

Kuna ubishi wa wapenzi wa magemu ya zamani ambao hauishi, kwamba Super Mario Bros. 2 iliyotoka Marekani mwaka 1988 siyo Mario wa kweli, ni gemu nyingine iliyobadilishwa sura ikauzwa kwa jina lake. Na wanaosema hivyo hawajatunga, ndo ilivyokuwa. Ila mi naona wengi wanaishia nusu ya stori.

Mario ya kwanza ya 1985 wote tunaijua, huku kwetu wengi tuliikuta kwenye zile mashine za kuiga Famicom, mashine ya magemu ya Nintendo ya Japani, kaseti imeandikwa ina magemu maelfu kumbe ni machache yanajirudiarudia, lakini Mario humkosi. Sasa Japani, Juni 1986, Nintendo wakatoa namba 2 kwenye diski za Famicom. Hiyo ndo Mario 2 ya mwanzo kabisa. Picha karibu zilezile, maadui walewale, ila ugumu wake jamani! Steji ya kwanza tu, ndo umeanza kutembea, unagonga boksi lenye alama ya kuuliza unatoka uyoga, na wewe ushazoea uyoga ni neema unaukimbilia, kumbe ni wa sumu, umekufa. Mbele huko unakutana na upepo unaokusukuma ukiwa hewani, na kwenye dunia ya 3 unahangaika mpaka unagundua bomba la siri, unashangilia umepata njia ya mkato, linakurudisha dunia ya 1.

Pale Nintendo ya Marekani kulikuwa na jamaa anaitwa Howard Phillips, kazi yake mojawapo ilikuwa kuyacheza magemu ya Japani na kusema lipi linafaa soko la kule. Hii akaicheza akaona inamwonea mchezaji, siyo ngumu ya kufurahisha. Na ukumbuke soko la magemu Marekani lilianguka vibaya mwaka 1983, Nintendo ndo kwanza wameingia mwishoni mwa 1985, hawakutaka kumkimbiza mteja waliyempata kwa shida. Wakaiacha.

Lakini namba 2 bado inatakiwa. Ndo wakachukua gemu yao nyingine, Yume Kojo: Doki Doki Panic, ya Julai 1987, waliyoitengeneza pamoja na televisheni ya Fuji kwa ajili ya tamasha la hao Fuji. Humo kuna watu wanne wenye mavazi ya Kiarabu, Imajin, Lina, Mama na Papa, wanaingia kwenye kitabu cha hadithi kuokoa watoto. Imajin akawa Mario, Mama akawa Luigi, Papa akawa Toad, Lina akawa Peach. Taa ya ajabu ikawa chupa ya dawa, ikaongezwa batani ya kukimbia, na ukiumizwa unakuwa mdogo kama Mario wa kwanza. Oktoba 1988 ikaingia madukani, ikauza zaidi ya kopi milioni 7.

Sasa wanaolalamika wana hoja nzito na sitaki kuipuuza. Mtoto wa Marekani alinunua kitu kinaitwa 2 akiamini ndo muendelezo, hana namna ya kujua kwamba Japani kuna 2 nyingine. Tena mwezi huohuo wenzake Japani wanapokea Super Mario Bros. 3, ambayo yeye aliisubiri mpaka 1990! Halafu ukiicheza yenyewe, ukimrukia adui kichwani hafi, unabaki umesimama juu yake anakubeba. Bowser, yule adui mkuu wa Mario, hayupo, bosi wa mwisho ni chura anaitwa Wart. Mtu akikwambia hii haina harufu ya Mario utamjibu nini?

Mi namjibu hivi. Doki Doki Panic haikuokotwa jalalani, aliyeiongoza ni Kensuke Tanabe wa Nintendo, Miyamoto mwenyewe, aliyembuni Mario, alikuwemo, muziki ni wa Koji Kondo, yuleyule wa Mario ya kwanza. Na ukiishika mkononi unaisikia mikono yao. Chukua lile pambano na Birdo, yule wa pinki mwenye mdomo kama bomba, anakutemea mayai, unalikwepa la kwanza, la pili unaliruka unatua juu yake likiwa hewani, unalinyanyua unamrudishia usoni, mara tatu kaisha. Silaha yake ndo silaha yako. Au ule ufunguo, ukiuokota tu kinyago kinatoka ukutani kinakufukuza kila chumba mpaka uutupe. Hayo ni mawazo mapya kabisa, wakati ile ya Japani kwa sehemu kubwa ni Mario ileile imewekewa mitego.

Halafu angalia nini kimebaki kwenye magemu ya Mario yaliyofuata. Bob-omb, Shy Guy, Birdo, wote wametoka humu. Peach kuelea hewani kumetokana na Lina. Luigi kuwa mrefu kuliko kaka yake ni sababu alivaa mwili wa Mama, kabla ya hapo alikuwa Mario aliyepakwa rangi nyingine tu, ingawa kuruka juu zaidi alishaanza kwenye ile ngumu ya 1986. Na Japani wenyewe mwaka 1992 wakaipokea, wakaiita Super Mario USA.

Kwa hiyo kwangu mimi gemu ni Mario halali, na Phillips alikuwa sahihi kuikataa ile nyingine isiwe ndo namba 2. Ninachowalaumu Nintendo ni kuificha ile ya Japani miaka yote ile, kwa sababu kuna watoto Japani waliimaliza ile gemu ngumu, na wa Marekani wangeweza pia kama wangepewa nafasi ya kuchagua. Ilibidi wasubiri mpaka 1993, kaseti ya Super Mario All-Stars ya Super Nintendo, humo zimewekwa zote mbili na ile ya Japani ikapewa jina The Lost Levels. Mwenye nafasi azicheze moja baada ya nyingine siku hiyohiyo, ule uyoga wa sumu kwanza, halafu aende kung'oa mboga na Luigi kwenye ile ya Marekani, ndo arudi tubishane.