Gari kuukuu la foo-wili barabarani: ubovu ni wa umri au wa muundo?

Anayeshuka kwenye pikapu ya kisasa akashika usukani wa Land Rover Series III, au Toyota FJ40 za mwanzo, mara nyingi hulaumu umri: usukani unacheza, gari linatangatanga, breki zinavuta upande mmoja. Lawama hiyo ni kweli nusu tu. Mengi ya hayo ni uchakavu, na uchakavu unatibika.

Kwanza utafute ulipo. Gari likiwa limesimama kwa matairi yake, injini imezimwa, mtu mmoja atikise usukani kushoto na kulia, mwingine ashike kila kiungo kwa mkono: boksi la usukani (lenye gia zinazogeuza mzunguko wa usukani), tairodi (fimbo zinazounganisha magurudumu ya mbele), kingpini (pini ambazo magurudumu hayo hugeukia), bushi za springi. Kosa kubwa ni kukimbilia kukaza boksi. Meno yake huliwa zaidi katikati. Ukikaza mpaka mchezo wa katikati uishe, yatabana kwenye kona na usukani hautarudi wenyewe. Badilisha tairodi zilizolegea kwanza.

Breki za dramu, ambazo viatu vyake hubana ngoma inayozunguka na gurudumu kutoka ndani, nazo zina utaratibu wake. Inua gurudumu, kaza bolti ya kurekebishia mpaka gurudumu ligome, kisha ilegeze kidogo kidogo hadi lizunguke huru. Rudia upande wa pili wa ekseli. Gari likizidi kuvuta, fungua dramu: huenda sili imepitisha mafuta ya ekseli yakalowesha viatu vya breki.

Utetezi wangu unaishia hapo. Mwendo ukipanda kutoka kilomita 40 hadi 80 kwa saa, joto ambalo breki hulimeza wakati wa kusimama huwa mara 4. Dramu hulifungia ndani, hivyo kwenye mteremko mrefu breki hufifia hata zikiwa mpya kabisa. Breki za diski, zilizo wazi kwa hewa, hupoa upesi, na gari la kisasa hubana lenyewe gurudumu mojamoja linapoanza kuserereka. Hilo halirekebishiki kwa spana.

Kwenye mawe, ekseli nzima ya mbele ina faida ya kweli: springi zikibanwa, difu (gia zinazogawa nguvu kwa gurudumu la kushoto na la kulia) haishuki karibu na ardhi, ilhali magurudumu ya mbele yanayojitegemea huacha tumbo la gari lishuke. Lakini gurudumu moja likining'inia, difu ya kawaida hupoteza nguvu hukohuko hewani, wakati gari la kisasa hulibana gurudumu hilo kwa breki na kusonga mbele. Wanaosifu magari ya zamani hulisahau hili.

Tena Series III na FJ40 hazina difu ya kati, inayoruhusu mbele na nyuma kuzunguka kwa kasi tofauti zikiwa kwenye foo-wili (nguvu kwa magurudumu yote manne). Kwenye lami kavu, magurudumu ya mbele na ya nyuma hupita umbali tofauti katika kona. Usukani huwa mzito na gia hukazana. Toa foo-wili kabla ya kuingia lami.