Aliyepigwa Picha Naye Ana Jina

Juzi nilitumiwa tangazo la maonyesho ya picha yaliyoandaliwa na shirika moja la misaada kwa ajili ya kuchangisha fedha. Katikati ya tangazo yuko mwanamke aliyekaa mbele ya hema la turubai, mtoto mchanga amemlalia mapajani, na ukimtazama vizuri unaona kidole chake kimoja kimefungwa kitambaa kilichochakaa, kama cha mtu aliyejikata na kuni akaendelea na kazi. Chini yake, kwa herufi nzito, limeandikwa jina la mpiga picha, tuzo alizowahi kushinda na nchi alizofanyia kazi. Kumhusu mwanamke mwenyewe yameandikwa maneno manne tu: “Mama, kambi ya wakimbizi.” Nililisoma tangazo lile hadi mstari wa mwisho nikimtafuta, nisimwone, na nimeudhika kiasi cha kuandika.

Mimi ni miongoni mwa watu wanaoamini kwamba kamera ina nguvu katika kutetea haki, na sitaki maneno yangu yachukuliwe na wale wanaowaambia wapiga picha wabaki kwenye harusi na mahafali. Picha za filamu alizopiga Mkenya Mohamed Amin kule Korem, Ethiopia, ziliporushwa na BBC tarehe 23 Oktoba 1984, ziliamsha dunia iliyokuwa imeifumbia macho njaa ile kwa miezi mingi. Hakuna hotuba iliyofanya kazi hiyo kabla yake. Ninachodai ni kwamba mpiga picha anayejiita mtetezi wa watu ana wajibu ambao mpiga picha wa mandhari hana, na wajibu wa kwanza ni kumjua mtu aliye mbele ya lenzi: anaitwa nani, ana umri gani, yuko pale kwa sababu gani, na anataka nini kisemwe juu yake. Bila hayo, picha inaweza kuwa nzuri sana, ikatundikwa ukutani na kusifiwa, lakini yule mtu amebaki pambo la huzuni katika kazi ya mwingine.

Aliyelielewa jambo hili mapema kuliko wengi ni Lewis Hine, Mmarekani aliyekuwa mwalimu kabla ya kuwa mpiga picha. Mwaka 1908 aliajiriwa na Kamati ya Taifa ya Ajira ya Watoto, iliyokuwa ikiipinga ajira hiyo, akaanza kuzunguka viwanda vya pamba, migodi ya makaa ya mawe, viwanda vya kusindika samaki na mitaa ya wauza magazeti, akiwapiga picha watoto waliokuwa wakifanyishwa kazi. Wenye viwanda hawakumtaka, kwa hiyo wakati mwingine alijifanya muuza Biblia, muuza kadi za posta au mkaguzi wa kinga ya moto ili apate kuingia. Akishaingia, kazi yake haikuishia kwenye kubonyeza kamera. Alikuwa na daftari mfukoni, akiandika jina la mtoto, umri wake, kazi anayofanya na muda aliokwisha kuifanya. Na kwa kuwa asingeweza kutoa utepe wa kupimia mbele ya msimamizi, alikuwa amekwisha kupima vifungo vya kizibao chake mwenyewe kutoka chini hadi juu, hivyo mtoto akisimama karibu naye alijua urefu wake kwa kuangalia kichwa kimefika kwenye kifungo cha ngapi.

Tazama alichokipata kwa njia hiyo. Kuna picha yake ya tarehe 30 Novemba 1908, iliyopigwa katika kiwanda cha pamba cha Lancaster, jimbo la South Carolina: msichana mdogo amesimama kando ya mashine ndefu ya kusokotea nyuzi, na safu ya mashine hiyo inakwenda nyuma yake hadi inapotelea mbali. Maelezo ya Hine yanasema kwamba anaitwa Sadie Pfeifer, ana urefu wa inchi 48, na amekwisha kufanya kazi kwa nusu mwaka. Inchi 48 ni kama sentimita 122. Mwenye kiwanda angeweza kubishana na machozi ya msomaji wa gazeti, akasema kwamba picha imetiwa chumvi; ni vigumu zaidi kubishana na jina, mahali, tarehe na sentimita 122. Picha ile ni ushahidi, na ni ushahidi kwa sababu mtu alijitaabisha kumuuliza mtoto anaitwa nani.

Najua kwamba picha peke yake haikuwatoa watoto viwandani. Sheria ya mwaka 1916 iliyokusudia kudhibiti ajira ya watoto ilibatilishwa na Mahakama Kuu ya Marekani mwaka 1918, na ilibidi kusubiri hadi 1938 ndipo sheria ya kudumu ipatikane, baada ya jitihada za watu wengi ambao hawakuwahi kushika kamera. Hine mwenyewe alifariki mwaka 1940 akiwa maskini. Lakini maelfu ya picha zake yamehifadhiwa katika Maktaba ya Bunge la Marekani pamoja na maelezo aliyoyaandika, na hadi leo watu wanayatumia majina yale kutafuta ni nini kiliwapata watoto wale walipokua.

Sasa mlinganishe na Dorothea Lange, ambaye ni mpiga picha mkubwa na ambaye namheshimu, lakini katika hili sikubaliani naye. Mwezi Machi 1936, katika kambi ya wachuma njegere huko Nipomo, California, alimpiga picha mama mmoja akiwa na watoto wake, mkono wa kulia ukiwa umegusa shavu. Huenda hakuna picha ya dhiki iliyochapishwa mara nyingi kuliko ile. Miaka mingi baadaye Lange mwenyewe aliandika kwamba hakumuuliza mama yule jina lake wala historia yake. Picha ilipotoka gazetini, chakula kilipelekwa kambini haraka, nalo ni jambo jema ambalo siwezi kulikana. Ila mama huyo na watoto wake walikuwa wamekwisha kuondoka, na chakula hicho hakikumfikia. Ilipita miaka zaidi ya 40 kabla umma haujajua, mwaka 1978, kwamba anaitwa Florence Owens Thompson, na alipopata nafasi ya kusema alilalamika kwamba hakuwahi kupata hata senti moja kutokana na picha hiyo. Mwaka 1983, alipokuwa mgonjwa sana, watoto wake walilazimika kuomba msaada wa umma ili kulipia matibabu yake. Mwaka 1998 sura yake iliwekwa kwenye stempu ya posta ya Marekani.

Wapo watakaosema kwamba Lange alikuwa mwajiriwa wa serikali, kwamba picha zile zilikuwa mali ya umma, na kwamba yeye pia hakutajirika kwazo. Hayo ni kweli. Hata hivyo, kuuliza jina hakuhitaji bajeti wala kibali cha mwajiri.

Nimewahi kufanya kazi kwa muda katika studio ndogo ya picha, na jambo moja la pale limenikaa kichwani. Kila bahasha ya picha iliandikwa jina la mteja kwa kalamu ya wino, kwa sababu mteja angerudi kuzichukua, na asiporidhika angezirudisha, akadai apigwe upya kwa kuwa amefumba macho au kola imekunjika. Mzee mwenye studio alikuwa akiyasikiliza malalamiko hayo kwa subira, kwa sababu sura ni ya mteja na ndiye anayejua anataka kuonekanaje. Nikikumbuka bahasha zile naona wazi tatizo liko wapi: anayelipa ana jina na ana haki ya kuikataa picha yake, na asiyelipa hana vyote viwili, ingawa sura yake ndiyo itakayotazamwa na watu wengi zaidi.

Kuna nyakati ambapo jina halipaswi kuchapishwa, na hapo nakubali bila kupenda sana, kwa maana nimeona kisingizio hiki kikitumiwa ovyo. Mtoto aliyedhulumiwa, mwanamke aliyebakwa, mtu anayekimbia wauaji au utawala unaomwinda: hao walindwe, na mpiga picha anayewaanika ametenda kosa zito kuliko hili ninalolilalamikia. Lakini kuficha jina unalolijua kwa ombi la mwenyewe ni tofauti kabisa na kutolijua. Anayelijua ataandika kwamba jina limehifadhiwa kwa usalama wake, atapiga picha kwa namna isiyomtambulisha, na ataeleza yale aliyoridhia yaelezwe. Mwanamke wa kwenye tangazo lile ameonyeshwa uso mzima, kwa hiyo hoja ya usalama haimhusu; amenyimwa jina tu.

Kwa upande wetu huku, anayenipa matumaini ni Boniface Mwangi. Alikuwa mpiga picha wa gazeti nchini Kenya wakati wa machafuko yaliyofuata uchaguzi wa Desemba 2007, machafuko yaliyoua watu zaidi ya 1,100. Angeweza kuridhika na tuzo alizopata. Badala yake aliacha kazi ya gazeti, na kupitia Picha Mtaani, maonyesho ya mitaani aliyoyaanzisha, picha za ghasia zile zikatembezwa katika miji mbalimbali, zikatundikwa mahali pa wazi ambapo mpita njia yeyote, hata aliyeshika panga wakati ule, angesimama azione na azijadili na jirani yake. Watu walisumbuka, wengine walilia, wengine walikasirika, na walikuwa na haki ya kufanya hivyo kwa kuwa historia iliyopo ukutani ilikuwa yao. Baadaye alianzisha PAWA254 jijini Nairobi, mahali ambapo wasanii na wanaharakati hufanya kazi pamoja. Unaweza kutokubaliana na siasa zake, na wengi hawakubaliani nazo. Lakini picha zile zilirudi kwa watu waliozitoa, na sioni kwa nini jambo hilo liwe la nadra.

Malipo kwa wanaopigwa picha ni mjadala mrefu ambao siuwezi leo.

Ninachokitaka kinawezekana kesho asubuhi, na kiko mikononi mwa wahariri, mashirika na majopo ya tuzo kuliko mikononi mwa mpiga picha mmoja mmoja. Wakatae kupokea picha ya mtu aliye katika dhiki isipokuwa imekuja na maelezo kamili: jina au sababu ya kulificha, mahali, tarehe, na uthibitisho kwamba mwenyewe alielezwa itatumika wapi akaridhia katika lugha anayoielewa. Picha ikikosa maelezo hayo irudishwe kwa aliyeileta, naye arudi kule alikoipiga akaulize.