Nyumba ya Lidia ilikuwa na watoto wachanga?

Mlutheri akihamia kanisa la Kipentekoste huulizwa mapema kama amebatizwa kwa maji mengi. Akijibu kwamba alibatizwa akiwa mchanga, mabishano hayakawii kufika Matendo 16. Kule Filipi Lidia, muuza rangi ya zambarau, alibatizwa pamoja na nyumba yake, na mlinzi wa gereza akaahidiwa kuokoka "pamoja na nyumba yako". Kwa Kigiriki nyumba hiyo ni oikos.

Wanaobatiza watoto wana hoja nzito kuliko wapinzani wao wanavyokubali. Oikos ilijumuisha watumwa na wengine waliokuwa chini ya mwenye nyumba, naye akibadili dini kwa kawaida walimfuata. Mwanzo 17 ilishafungua njia hiyo: Abrahamu aliwatahiri wanaume wote wa nyumbani mwake, hata walionunuliwa kwa fedha, na agizo likamgusa mtoto wa siku 8. Mwanateolojia Mjerumani Joachim Jeremias aliitetea hoja hii mwaka 1958. Mwaka 1961 mwenzake Kurt Aland akamjibu kwamba ushahidi wa wazi wa kubatiza wachanga hauonekani kabla ya mwaka 200 hivi.

Wapinzani nao wana 1 Samweli 1. Elkana alikwea kutoa dhabihu na "nyumba yake yote", lakini Hana alibaki akimnyonyesha Samweli. Kumbe nyumba yote yaweza kutajwa na mchanga asiwemo! Huongeza kwamba nyumba ya Stefana, iliyobatizwa na Paulo, inasifiwa katika 1 Wakorintho 16 kwa kuwahudumia watakatifu, na mtoto wa kunyonya hahudumii mtu.

Tatizo ni kwamba hoja hizo mbili zinapigana zenyewe. Ikiwa nyumba ya Elkana ilisemwa "yote" bila Samweli, basi ya Stefana nayo ingeweza kusifiwa kwa huduma huku mna mtoto mgongoni ambaye hakuna aliyeona haja ya kumtaja. Kwa maoni yangu, oikos haiamui umri wa mtu yeyote.

Inachobana ni suala la watumwa, ambalo pande zote hulipita haraka. Anayedai kila mtu nyumbani kwa Lidia aliamini kwa hiari yake anapaswa kueleza mtumwa angekataaje. Na anayembatiza mtoto kwa imani ya baba hambatizi dada wa kazi kwa imani ya mwajiri, ingawa ndani ya oikos wote wawili walihesabiwa pamoja.