Kodi iliyofutwa Roma ililipwa Epirus

Mwaka 167 KK raia wa Roma walipata habari ambayo mlipa kodi yeyote angeipokea kwa vigelegele: kodi ya kugharimia vita, waliyoiita tributum, haikusanywi tena. Haikurudi hadi mwaka 43 KK, Caesar ameshauawa na wakubwa wanapigana wao kwa wao. Kila ninaposoma watu wakiisifu Roma kwa barabara zake, sheria zake na masoko yake, swali langu ni moja: nani aliyelipa?

Jibu limo katika mwaka uleule. Mwaka mmoja kabla, jemadari Lucius Aemilius Paullus alimshinda Perseus, mfalme wa Makedonia, huko Pydna, na hazina ya mfalme ikasombwa kupelekwa Roma. Kabla ya kuvuka bahari kurudi nyumbani, jeshi lilipitia Epirus, kaskazini-magharibi mwa Ugiriki. Vikosi vilitumwa kila mji, wenyeji wakaambiwa kwamba vimekuja kuwaondoa walinzi wa Kiroma. Alfajiri wakaamriwa watoe dhahabu na fedha zote walizo nazo, wakatoa. Saa nne asubuhi ishara ikapigwa. (Waroma walihesabu saa kuanzia macheo, kama sisi, kwa hiyo ni saa nne tunayoijua, jua limeshapanda na watu wako kwenye shughuli zao.) Miji 70 ikavamiwa kwa pamoja. Waandishi wa kale wanataja watu 150,000 waliouzwa utumwani.

Idadi hiyo hainitoki akilini, hasa kwa sababu ya kilichofuata. Haukupita muda Seneti, baraza kuu la Roma, ikaikabidhi Athens kisiwa cha Delos kwa sharti kwamba bandari yake isitoze ushuru. Nia mojawapo ilikuwa kuiadhibu Rhodes, dola ya kisiwani ya Wagiriki, iliyothubutu kujaribu kusuluhisha vita vile, na adhabu iliuma: mapato ya bandari ya Rhodes yalishuka kutoka drakma (sarafu za Kigiriki) milioni 1 kwa mwaka hadi 150,000. Wafanyabiashara wakahamia Delos, na bidhaa iliyokipa kisiwa jina ilikuwa watu. Mwanajiografia Strabo anasema Delos iliweza kupokea na kusafirisha watumwa 10,000 kwa siku moja, na kwamba palizuka msemo: mfanyabiashara, tia nanga, shusha shehena, vyote vimeshauzwa.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaoiweka vita ya Roma upande huu na biashara yake upande ule. Jeshi lilikuwa linamletea mnunuzi bidhaa, linamfungulia bandari na kumwondolea mshindani. Watumwa walipelekwa kwenye mashamba makubwa ya Italia kulima mizabibu, divai ikapakiwa kwenye mitungi na kupelekwa Galia, Ufaransa ya leo. Na huko Galia, anasimulia mwanahistoria Diodorus, mwenyeji alitoa mtumwa mmoja akapewa mtungi mmoja wa divai. Mtungi wa aina hiyo unaingia lita 25 hivi. Mtu mzima, mwenye mama na baba, kwa lita 25 za divai.

Wapo watakaonijibu kwamba chini ya makaisari mambo yalibadilika, bahari ikatulia na watu wakafanya biashara kwa amani. Ni kweli kwa sehemu kubwa, wala silikatai. Jemadari Pompeius alipopewa madaraka ya kuwafagia maharamia mwaka 67 KK, bei ya nafaka Roma ilianguka siku ileile, kabla hajatia mguu melini. Amani ya baharini ilikuwa na thamani ya kweli kwa mtu wa kawaida anayenunua mkate. Lakini fuata fedha za biashara hiyo ya amani uone zinakoishia.

Baada ya Misri kutekwa mwaka 30 KK, vyombo vilianza kutoka kwa wingi Bahari ya Shamu kwenda India. Strabo anataja vyombo 120 kwa mwaka kutoka bandari ya Myos Hormos peke yake. Mwongozo wa mabaharia ulioandikwa kwa Kigiriki katika karne ya 1, Periplus, unafika hadi pwani yetu, iliyoitwa Azania, na soko lake la mwisho, Rhapta, lililopewa jina kutokana na vyombo vyake vya kushonwa kwa kamba, jamaa wa mitepe. Pembe za ndovu, pembe za kifaru na magamba ya kasa vilitoka hapa, katika biashara iliyoshikwa na wafanyabiashara Waarabu wa Muza, Yemen, waliooa huku na kuijua lugha. Hakuna askari wa Roma aliyefika.

Hata hivyo, bidhaa iliyoingia Misri kwa Bahari ya Shamu ilikatwa ushuru wa robo nzima ya thamani yake. Tuna hati ya karne ya 2 ya chombo kiitwacho Hermapollon, kilichotoka Muziris, India, na shehena ya thamani ya karibu sesterti (sarafu za Kiroma) milioni 7. Askari wa kikosi cha kawaida wakati huo alilipwa sesterti 1,200 kwa mwaka. Piga hesabu: ushuru wa shehena moja uliweza kulipa askari zaidi ya 1,400 kwa mwaka mzima. Vivyo hivyo, kila pembe ya Azania iliyopitia njia hiyo ilimlipa askari wa mpaka ambao wawindaji wetu hawakuwahi kuusikia.

Teka kubwa za mali ziliishia Dakia, Romania ya leo, mwaka 106 BK, dhahabu ya Kaisari Trajanus. Jeshi likabaki, na mshahara ukazidi kupanda. Makaisari wakaanza kuyapunguza madini ya fedha ndani ya denari, sarafu waliyowalipia askari: katika enzi ya Septimius Severus ilikuwa karibu nusu, na kufikia miaka ya 260 sarafu iliyotumika zaidi ilikuwa shaba iliyopakwa fedha kwa juu. Dola ikaanza kuchukua nafaka, mafuta na nguo moja kwa moja kwa wakulima ili kulisha vikosi. Mwishoni mwa karne ya 3, Kaisari Diocletianus aliiingiza Italia kwenye orodha ya kodi pamoja na majimbo mengine yote.